Kwa Nini Akina Mama Walirudi Ziwani

Kila asubuhi, kabla jua halijatoka juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, Pudentienne alifunga kikwembe chake, akachukua bidoni mbili za njano za kuchotea maji na kuteremka ziwani. Njia ilikuwa fupi. Alipita nyuma ya nyumba ya jirani yake Ernestine, mke wa mvuvi, akakanyaga mchanga, akaingia majini mpaka magotini. Alisukuma uchafu kando kwa kiganja. Kisha akajaza.

Ilikuwa miaka ya vita. Pudentienne na watu wake hawakuwa wenyeji wa Uvira. Walikuwa wakulima wa mpunga kule Luberizi, katika bonde la Ruzizi. Risasi zilipozidi walikimbia na vyungu vyao kichwani, wakapata nyumba ya vyumba viwili upande wa chini wa mtaa wa Rugenge. Humo waliishi watu sita. Kulikuwa na Pudentienne na mumewe Libérat. Kulikuwa na mama mkwe wake, bibi Ninahazwe, ambaye watu wote wa avenue, barabara yao, walimwita Koko. Kulikuwa na Eliane, binti wa miaka kumi na miwili, na Vainqueur wa miaka mitatu. Wa sita alikuwa Révérien, mdogo wake Libérat, kijana wa miaka kumi na tisa. Révérien alitoka nje mara chache sana, kwa sababu watu wenye silaha walipenda vijana wa umri wake. Waliwabebesha mizigo, au waliwapa bunduki.

Sasa mtu angeweza kuuliza: kwa nini ziwani? Maana robine ya maji safi ilikuwapo. Shirika moja lilikuwa limeleta bomba kutoka mlimani, likaweka robine kando ya barabara kubwa. Siku ya kufunguliwa watu walicheza ngoma, na Koko alicheza kuliko wote. Lakini baada ya miezi michache, akina mama wa upande wa chini walirudi ziwani, mmoja mmoja, kimya kimya. Hakuna aliyesema sababu.

Mwezi huo Vainqueur aliharisha tena. Macho yalizama, midomo ikakauka. Pudentienne alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Muganga Octave, mtu mpole mwenye uso wa uchovu, alimpa mtoto maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, mpaka akaanza kulia machozi.

"Akilia machozi ni vizuri," Octave akasema. "Lakini hii ni mara ya tatu, Mama Eliane. Maji munachota wapi?"

"Robineni," Pudentienne akajibu. Alimtazama mtoto, hakumtazama muganga.

Octave aliandika kwenye fishi, kadi ya mtoto: robine. Akakuna kichwa. Kama maji yalikuwa safi, ugonjwa ulitoka wapi?

Wiki iliyofuata ilikuja ankete. Ndivyo watu wa Uvira wanavyouita utafiti: kwenda kwa watu, kuuliza na kuandika, ili mambo yajulikane jinsi yalivyo. Aliyekuja alikuwa kijana aitwaye Manirakiza, mwenye haraka. Alifuatana na Papa Bertrand, mkuu wa avenue, ambaye pia alikuwa mkubwa wa komite ya maji. Hawakuketi. Walisimama mlangoni, karatasi mkononi.

"Jina la mwenye nyumba?" Manirakiza akauliza. "Muko muntu ngapi? Wanaume ngapi?"

Libérat alikumbuka. Kule Luberizi alikuja mtu na karatasi kama ile. Aliandika majina ya wanaume. Siku tatu baadaye wanaume hao walichukuliwa kubeba masanduku ya risasi, na wawili hawakurudi.

"Tuko watano," akasema. Nyuma ya pazia, Révérien alizuia pumzi.

"Maji munachota wapi?"

Papa Bertrand aliwatazama. Pudentienne alitazama chini. "Robineni."

"Robine iko muzuri sana, baba," Koko akaongeza kutoka mkekani. "Mungu awabariki."

Manirakiza aliandika, akaenda nyumba ya pili. Hakukaa hata dakika tano.

Majibu yalitangazwa Jumapili, watu walipotoka misa. Papa Bertrand alishika kipaza sauti. Alisema ankete imeonyesha kwamba nyumba tisa katika kumi zinachota robineni. Kwa hiyo robine moja inatosha, na ile ya pili ambayo shirika lilitaka kuongeza itapelekwa mahali pengine. Kama watoto wanaugua, ni kwa sababu mama zao hawanawi mikono. Na wale wachache wanaoshuka ziwani, wanafuata tu desturi waliyozaliwa nayo.

Pudentienne alirudi nyumbani. Alikuwa mwanamke msafi. Kule Luberizi watu walimjua kwa usafi wake. Jioni aliosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Libérat alimtazama, akachukua kitambaa, akakaa karibu naye kuzikausha. Si kazi aliyozoea.

"Walituuliza, tukawadanganya," Libérat akasema taratibu. "Sasa wanatutukana kwa maneno yetu wenyewe."

"Ungesema nini, weye?"

"Hivyo hivyo. Ningesema hivyo hivyo."

Mjini kulikuwa na mwalimu mmoja, mwanamke wa makamo, jina lake Claudette. Alifundisha wanafunzi wakubwa jinsi ya kuchunguza maisha ya watu: shule zinavyofanya kazi, masoko, hospitali, na watu wanavyoongozwa. Manirakiza alikuwa mwanafunzi wake, na karatasi zake zilifika mezani kwake. Buku la kituo cha afya lilifika pia. Aliviweka kando kwa kando. Karatasi zilisema watu wanachota maji safi. Buku lilisema watoto wa upande wa chini wanaugua kuliko wote.

Claudette hakubishana na karatasi. Alichukua kiti kidogo, akaketi mkabala na robine siku tatu, tangu alfajiri hadi jioni, akihesabu bidoni. Kama nyumba tisa katika kumi zingechota pale, angehesabu mamia kwa siku. Alihesabu themanini, na karibu zote zilipanda upande wa juu. Akaona pia kwamba mlinzi wa robine aliifungua saa tatu, wakati akina mama wengi wako mashambani au sokoni. Na hatua thelathini kabla ya kufika robineni, kwa mtu atokaye chini, kulikuwa na bariere, kizuizi cha askari: kamba, mawe mawili, na kibanda cha turubai.

Jumatano mchana alishuka peke yake. Aliwakuta Pudentienne na Ernestine wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Alisalimia, akaomba nafasi mkekani, akaanza kuchambua majani pamoja nao. Karatasi haikuonekana.

Ernestine hakupenda kuzungukazunguka. "Weye ni wa wakubwa?"

"Hapana. Minye ni mwalimu. Naitwa Claudette. Nafanya ankete juu ya maji."

Mchi ulisimama. "Ankete ilishapita," Pudentienne akasema.

"Najua. Nadhani tuliwauliza vibaya." Claudette aliweka majani chini. "Naomba niwaeleze, kisha mutaamua. Sitaandika jina la mutu. Nyumba yenu itakuwa na namba tu, na namba hiyo najua minye peke yangu. Swali musilopenda, mutalikataa, na sitauliza kwa nini. Mukitaka niondoke, naondoka. Na nikimaliza, nitarudi kuwaambia nyinyi kwanza nilichoona, kabla ya mukubwa yeyote."

"Yule wa kwanza hakusema hivyo," Pudentienne akasema.

"Alipaswa kusema. Ni kosa letu. Tena alikuja na mukuu wenu. Nani angesema ukweli juu ya robine mbele ya mwenye robine?"

Koko alikuwa amesogea na kigoda chake. Alipenda wageni kuliko chakula. Claudette akamgeukia.

"Koko, robine iko karibu?"

"Iko karibu sana, mwanangu."

Claudette alichambua majani kidogo. "Lakini kwa mutu mwenye miguu ya kuuma, si iko mbali?"

"Iko mbali sana," Koko akasema kwa upole ule ule.

Ernestine aliangua kicheko. Pudentienne alijaribu kujizuia akashindwa. Koko aliwatazama bila kuona haya.

"Munacheka nini? Huyu muntu ametembea kwenye jua. Anauliza kitu, na uso wake unaonyesha jibu analotaka. Mgeni unamnyimaje jibu? Hata yule kijana wa karatasi nilimpa ndiyo zote. Alikuwa amechoka, masikini."

Claudette alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Koko, umenifundisha kazi yangu. Mutu akiwa na adabu, hujibu swali kwa wema. Ni minye napaswa kuuliza bila kuonyesha ninachotaka."

Libérat aliporudi alimkuta mgeni bado yuko. Aliposikia neno ankete, alibaki amesimama.

"Utauliza tuko muntu ngapi?"

"Nilitaka kuuliza. Mutakataa?"

"Nitakataa."

"Basi sitauliza," Claudette akasema, bila kukunja uso. "Niambie kitu kingine. Nyumba hii inamaliza bidoni ngapi kwa siku?"

Libérat alifikiri. Hakuona mtego. "Nne. Siku ya kufua, sita."

"Hiyo inanitosha. Nataka kujua maji mangapi yanahitajika. Nani anayakunywa, si kazi yangu."

Libérat aliketi. Mara ya kwanza tangu Luberizi, mtu mwenye kuuliza alikuwa amekubali kukataliwa.

Claudette alirudi Ijumaa, akarudi tena Jumatatu. Alishuka ziwani nao, akabeba bidoni moja kichwani, maji yakamwagikia shingoni, watoto wakamcheka. Siku hiyo ya Jumatatu Pudentienne alitazama huku na huku. Akasema kwa sauti ya chini.

"Minye nilikuwa nachota robineni. Kwa sababu ya saa za mashamba, nilikuwa namutuma Eliane. Siku moja askari wa bariere walimusimamisha. Walichukua bidoni yake. Wakamupa sufuria zao azioshe, kisha kuni azipasue. Alirudi alasiri. Mumoja alimuuliza nyumba anamolala." Aliacha kidogo. "Hawakumugusa. Lakini sikumutuma tena. Na sikusema. Ukisema jambo la askari, unaweza kulilipa. Na watu wangemutazama mutoto wangu kwa jicho lingine. Kwa hiyo nachota ziwani minye mwenyewe, kabla ya shamba."

Ernestine aliweka bidoni yake chini.

"Na wangu," akasema. "Mwezi wa nne. Alikaa kule mpaka jua lilipozama."

Wanawake wawili walitazamana. Walikuwa wametwanga pamoja karibu kila siku kwa mwaka mzima. Kila mmoja alidhani jambo hilo lilikuwa la nyumba yake tu.

"Niambieni," Claudette akauliza, "kuna wengine?"

Alhamisi walikusanyika wanawake tisa uani kwa Ernestine, bila mwanamume hata mmoja. Claudette hakutaja habari ya Eliane. Alisema tu, "Nataka kujua njia ya kwenda robineni ikoje." Mwanzoni walizungumza juu ya foleni na mlinzi anayechelewa. Kisha mmoja akasema neno moja juu ya bariere. Wa pili akaongeza. Marie, aliyekuwa mzee kuliko wote baada ya Koko, alifunika uso kwa kikwembe. Katika wanawake tisa, saba walikuwa na binti aliyesimamishwa pale. Wote saba walikuwa wamenyamaza.

Pudentienne alilia kidogo, na hakuwa peke yake. Kilio hicho kilikuwa na nafuu ndani yake. Kumbe hakuwa mama mkaidi wala mama mwoga. Walikuwa avenue nzima.

"Utayaandika haya?" Ernestine akauliza. "Wakisoma wale wa bariere, tumekwisha."

"Tuamue pamoja," Claudette akasema. "Nikiandika 'askari', munaweza kuumizwa. Nikinyamaza, robine itabaki pale pale. Tuandike hivi: watoto wa kike hawana njia salama ya kufika robineni, na robine inafunguliwa wakati mama wako kazini. Ni ukweli, na haumutaji mutu. Mwenye kujua bariere iko wapi atajua."

Walizungumza mpaka wakakubaliana. Marie peke yake aliomba habari yake isihesabiwe. Claudette akaifuta mbele ya macho yake. Zikabaki sita.

Kabla ya mkutano, kama alivyoahidi, Claudette aliwasomea wanawake maandishi yake. Walimsahihisha mahali pawili. Kisha akayapeleka kwa Papa Bertrand, kwa muganga Octave na kwa mtu wa shirika. Wakaitwa wote katika ua wa kanisa dogo la mtaa.

Papa Bertrand hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameipigania robine ile kwa miguu yake, ofisi hadi ofisi, na alijivunia. Alisoma, akakunja karatasi.

"Mwalimu, bidoni unaweza kuhesabu. Lakini minye nawajua watu wangu. Ni desturi. Maji ya ziwa wameyazoea."

Pudentienne alitazama upande wa wanaume akamwona Libérat. Libérat alimwashiria kwa kichwa: sema. Akasimama.

"Papa Bertrand, minye natoka Luberizi. Ziwa nimelijua ukubwani. Desturi hiyo ningeipata wapi?"

Watu wachache walicheka, kisha wakaacha.

"Robine tunaipenda. Siku ile tulicheza pamoja naweye. Lakini katika komite yako iko muntu mumoja anayebeba bidoni kichwani? Munafungua saa tatu, na saa tatu minye niko kwenye mashamba. Inabidi tutume watoto. Na njia ile, Papa, hatutawatuma watoto wa kike. Hata kama maji yatatuua, hatutawatuma. Weye pia una binti."

Akaketi. Nyumba ya Papa Bertrand ilikuwa upande wa juu, na binti yake hakupita bariere kamwe. Alifungua tena karatasi, akaisoma, safari hii taratibu.

"Kwa nini hamukuniambia?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya kipaza sauti.

"Ulikuja na karatasi," Ernestine akasema, "ukasimama mlangoni."

Muganga Octave akasema kwamba yeye pia aliuliza vibaya. Aliuliza mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, kisha akashangaa jibu.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Bariere haikuondoka, kwa maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuiondoa wakati ule. Lakini bomba liliweza kuizunguka. Shirika lilikubali kuleta robine ya pili, na paroko akatoa kona ya ua wa kanisa, upande wa chini kabisa, mahali pasipopita askari. Akina mama walichimba mfereji wa bomba wenyewe, na wanaume wakaona haya wakaja. Komite iliongezwa wanawake watatu, Pudentienne akiwa mmoja wao. Neno lake la kwanza lilikuwa saa: robine ifunguliwe saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Watu wa chini waliacha ziwa kwa kunywa. Walilibakizia samaki na kufua. Katika miezi mitatu, buku la muganga Octave lilikuwa na watoto wanne tu wa kuharisha kutoka upande ule, ambapo zamani walikuwa zaidi ya thelathini. Vainqueur aliota mashavu. Alijifunza kukimbia, na Koko alijifunza kumfuata kwa kupiga kelele.

Msimu wa mvua ulipoanza, jambo jipya likatokea. Akina mama sita wa kandokando ya mto waliacha kuja robineni. Komite ilikutana.

"Wana majivuno," mlinzi akasema. "Walitaka robine iwe kwao."

"Ni uvivu," mwingine akasema. "Mvua ikinyesha wanakinga maji ya paa."

Papa Bertrand alikuwa karibu kukubali. Kisha akamgeukia Pudentienne. "Weye unasemaje?"

Pudentienne alikuwa na jibu mdomoni. Alimjua mmoja wa akina mama hao, Agathe, na ni kweli Agathe alikuwa na majivuno kidogo. Alilimeza jibu lile.

"Sijui," akasema. "Tumewauliza?"

Hakuna aliyekuwa amewauliza. Kesho yake, baada ya shamba, Pudentienne alikwenda kwa Agathe. Hakubeba karatasi wala hakumchukua mkuu. Alimkuta anachambua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye ungo. Alisalimia, akaomba nafasi, akanyoosha miguu yake mkekani.

"Agathe, nimekuja kujua mambo ya maji," akasema. "Usipotaka kuniambia, tutazungumza mengine."

Agathe alimtazama sana. Kisha akausukuma ungo katikati yao, ili mikono minne ipate kufanya kazi, akaanza kusimulia.